Mkono wa Saa

Ilianza kama njiti ya kiberiti
inayokataa kuwaka chini ya ngozi:
mkwaruzo mmoja, hapa, karibu na kifundo,
upande wa dole gumba.
Nikasema ni usugu unajenga nyumba.
Nikasema ni baridi ya mwezi wa saba
inayoshuka kutoka Kibosho bila kubisha hodi.

Wiki ile nilikuwa na harusi mbili Majengo,
na Ijumaa hotelini, wageni wametoka mlimani
pua zimebabuka, wanataka flamenko
ya mtoto wa Shirimatunda
aliyejifunza kwa kaseti ya fundi bomba Mhispania,
aliyoiacha pamoja na gitaa lenye ufa.
Nikapiga.
Vidole vikafyatuka kama bisi kwenye sufuria,
rasgeado juu ya rasgeado,
na Jumamosi asubuhi
chupa ya chai ilinishinda kifuniko.

Bi Ndeonansia, wa mazoezi ya viungo,
hakuniuliza napiga nini.
Alisema: shika kalamu.
Nikashika.
"Unaikaba," akasema. "Imekukosea nini?"

Kano, akanieleza, si mpira wa manati.
Ni kamba ya katani kwenye ukingo wa kisima:
ikisuguliwa palepale kila siku
nyuzi zinaachia moja moja, kimya,
mpaka usikie ndoo imefika chini peke yake.

Wiki tatu bila gitaa.
Wiki tatu!
Nikalipandisha juu ya kabati, uso ukutani.
Barafu nikanunua kwa Mama Haikaeli,
za ukwaju, mia moja moja,
dakika kumi juu ya kifundo, kitambaa katikati,
kisha naing'ata dawa yangu naimeza.
Umeme ukikatika, sina dawa.

Nikabaki na saa ya ukutani,
zawadi ya chama cha ushirika,
tawi la kahawa limefifia nyuma ya mishale.
Mapigo ya solea ni kumi na mawili, yanazunguka.
Yule wa kwenye kaseti huanzia kumi na mbili,
anakanyaga tatu, sita, nane, kumi.
Lakini mshale ukisimama pale juu
sisi tunaita saa sita.
Nikahesabu kwa saa zetu, kwa kisigino,
mkono umelala pajani kama paka:

saa sita, jua la utosini,
saa tisa, watoto wanatoka shule,
saa kumi na mbili, kuku wanapanda bandani,
saa mbili, taarifa ya habari,
saa nne, mbwa wa jirani na mlango wa mwisho.

Siku nzima ya Moshi ndani ya mzunguko mmoja,
na miaka kumi na mmoja sikuisikia,
nilivyokuwa na haraka ya kufika saa sita nyingine.

Siku niliyolishusha gitaa
shemeji yangu Kundaeli, mpagazi,
alikuwa anafunga goti lake bandeji.
"Horombo," alisema bila kuinua kichwa,
"tunalala mara mbili. Siku ya katikati
tunapanda kidogo, tunarudi palepale.
Wanaoiruka ndio tunaowateremsha kwa machela."

Basi dakika tano, kisha mkono chini.
Kesho yake saba. Keshokutwa tano tena,
kwa sababu nilikufua mashuka, nikasahau
kwamba kukamua maji nako ni kupiga.
Asubuhi, beseni la uvuguvugu kabla ya waya wa kwanza.
Kifundo kimenyooka, si shingo ya bata.
Dole gumba nyuma ya shingo ya gitaa
linaegemea tu, kama mgeni asiye na shida.

Meneja ananiuliza mbona siku hizi napiga taratibu.
Namwambia wageni wamechoka.
Ijumaa iliyopita nilidanganya tena, dakika kumi za ziada,
waliposimama kupiga makofi,
na usiku ile njiti ikakwaruza.

Haya nimeyaandika kwa kalamu.
Mistari ya mwanzo niliikaba.
Ngoja niiweke chini,
barafu ya ukwaju inaanza kunichuruzikia kwenye karatasi.